Saa ya Mkono ya Kuvaa Kila Siku: Ipi Yafaa Kununuliwa?



Kijana mmoja wa hapa Ilembula, aliyesoma Kurani katika chuo changu na ambaye sasa ni karani wa malori huko Makambako, ameniletea suala hili: "Maalim, nimeweka akiba miezi kumi na minne, nami sasa ninazo shilingi milioni mbili. Nataka kununua saa nzuri ya mkono, si ya kuvaa harusini tu, bali ya kuvaa kila siku, kazini na msikitini. Si ile ya bei ya chini kabisa, wala si ile ya matajiri. Ya kati na kati. Je, jambo hili ni israfu? Na kama si israfu, nichague ipi?"

Nimeona suala hili si lake peke yake. Vijana wengi wakipata mshahara wa kwanza hufikiri saa, na wazazi wengi hupenda kumzawadia saa mtoto aliyemaliza masomo. Kwa hivyo nalijibu mbele ya wasomaji wote, ili afaidike nalo kila mwenye haja.

Katika Hadithi aliyoipokea Tirmidhi tumefundishwa kwamba miongoni mwa mambo atakayoulizwa mtu Siku ya Kiyama ni umri wake, aliutumia katika nini, na mali yake, aliichuma wapi na akaitoa katika nini. Basi tazameni ajabu ya saa ya mkono: ni mali, na tena ni kipimo cha umri. Mwenye kuinunua amejifunga masuala yote mawili mkononi mwake. Hiyo ndiyo sababu haifai kununuliwa kwa pupa.

ISRAFU NI NINI?

Kuvaa kitu kizuri hakukukatazwa. Mtume wetu (s.a.w.) mwenyewe alivaa pete ya fedha, nayo ilikuwa na kazi, kwani ndiyo iliyokuwa muhuri wa barua zake. Israfu ni kupita mpaka, na mpaka wa kila mtu ni hali yake. Shilingi laki nane kwa mtu mmoja ni kitu kidogo, na kwa mwingine ni ada ya shule ya watoto watatu.

Kwa hivyo, kabla ya kuingia dukani, kijana na ajiulize haya. Je, ana deni la mtu? Je, wazazi wake wanalala chini ya bati linalovuja? Je, mbolea ya msimu imekwisha nunuliwa? Je, akiba yake imefika kiwango cha zaka na kutimiza mwaka? Ikiwa imefika, kwanza atoe sehemu mbili na nusu katika kila mia, ndipo afikirie saa. Na ikiwa hana fedha taslimu, basi asikope kwa riba ili kupamba mkono. Saa iliyonunuliwa kwa riba humhesabia mwenyewe siku za deni lake.

Akishayamaliza hayo na bado fedha yake ipo, hapana ubaya kununua kitu imara. Lakini naye asiitumie akiba yote. Mwenye milioni mbili hana haja ya kuvaa milioni mbili.

ASIDANGANYWE MTU KUHUSU MAJIRA

Watu wengi hudhani kwamba saa ya bei kubwa ndiyo inayoshika majira zaidi. Sivyo. Zamani ilikuwa hivyo, lakini mambo yaligeuka tarehe 25 Desemba, 1969, pale kampuni ya Seiko ilipouza Tokyo saa ya mkono ya kwanza ya betri yenye kijiwe cha kwatsi, ambayo iliitwa Astron. Bei yake siku hiyo ilikuwa yeni 450,000, kiasi cha gari dogo. Kijiwe hicho katika saa za betri za siku hizi hutikisika mara 32,768 katika kila sekunde, na kwa mtikisiko huo saa hukosea kama sekunde 15 tu kwa mwezi. Muda si mrefu saa za namna hiyo zikawa rahisi mno, hata viwanda vya Uswisi, ambavyo mwaka 1970 vilikuwa na wafanyakazi wapatao 90,000, vikabakiwa na kama theluthi yao katikati ya miaka ya 1980.

Ama saa ya kamani, yaani ile inayotiwa ufunguo au inayojitia yenyewe kwa mwendo wa mkono, hata ikiwa ya Uswisi yenye hati ya kupimwa, huruhusiwa kupoteza sekunde 4 au kuzidisha sekunde 6 kila siku. Ya kawaida hukosea zaidi. Ikizidisha sekunde 10 kwa siku, mwisho wa mwezi imekwenda mbele dakika 5. Mwenye saa hiyo hana budi kuitia majira kila juma.

Basi mtu anayetaka majira tu, Casio ndogo ya plastiki inamtosha, na hapana haya ndani yake. Mwenye kutoa zaidi ananunua vitu vingine: chuma kisichoshika kutu, kioo kisichokwaruzika, mwili uliofungwa vizuri maji yasiingie, na mashine inayoweza kufunguliwa, kusafishwa na kurudishiwa uhai baada ya miaka ishirini. Usione vyaelea, vimeundwa. Lakini ni lazima ajue kwamba hicho ndicho anachokinunua, asije akajidanganya nafsi yake.

KAMANI AU BETRI?

Saa ya betri haitaki matunzo mengi. Kila baada ya miaka miwili au mitatu hubadilishwa betri, nayo ni kazi ya nusu saa kwa fundi. Saa ya kamani haitaki betri kabisa, lakini kila miaka mitano hivi hutaka kusafishwa na kutiwa mafuta, na gharama yake si ndogo. Katika miji yetu ya Makambako na Njombe si vigumu kumpata fundi wa kubadili betri au ukanda. Ila kufungua mashine ya Uswisi ni elimu nyingine, na huenda saa ikapasa kupelekwa Dar es Salaam au Nairobi. Kwa hivyo kabla ya kuuliza "bei gani?" uliza "ikiharibika, nani ataitengeneza?"

Kwa mtu wa kuvua na kuvaa mara kwa mara, itazamwe pia akiba ya kamani, yaani saa hukaa muda gani bila kuvaliwa kabla ya kusimama. Nyingi husimama baada ya saa 40 hivi. Mashine ya Tissot iitwayo Powermatic 80 hukaa saa 80. Ukiivua Ijumaa usiku, Jumatatu asubuhi bado inakwenda. Na saa ya kamani isiwekwe juu ya spika ya redio, kwani sumaku huifanya iende mbio.

MAJI YA UDHU

Hapa ndipo Mwislamu anapohitajia kutazama zaidi kuliko wengine. Sisi twanawa mikono mpaka viwikoni mara tano kila siku, na maji hayana budi kuifikia ngozi iliyo chini ya saa. Basi saa yenyewe iwe rahisi kuvuliwa au kusogezwa, na iwe haiogopi maji.

Nyuma ya saa huandikwa mita 30, 50 au 100. Mwenye kusoma "mita 30" hudhani aweza kuzama nayo ziwani. La. Kipimo hicho hufanywa saa ikiwa imetulia na ikiwa mpya. Maana yake kwa matumizi ni kwamba yaweza kurushiwa matone ya maji tu. Ya mita 50 yastahimili kunawa, na ya mita 100 ndiyo ya kutuliza moyo. Tena kinachozuia maji ni mpira mwembamba uliomo ndani ya kifuniko, na mpira huzeeka. Kila saa inapofunguliwa kubadilishwa betri, fundi aambiwe autazame.

Jambo jingine ni la watu wa baridi kama sisi. Miezi ya Juni na Julai, kabla ya Alfajiri, wengi hapa huchemsha maji ya kutawadhia. Maji ya moto na mvuke huuchosha mpira ule upesi kuliko maji baridi, na saa iliyotoka katika moto ikaingia katika baridi ya nje yaweza kushika ukungu ndani ya kioo. Ivuliwe kabla ya kugusa maji hayo.

NGOZI NA DHAHABU

Ukanda wa ngozi unapendeza, lakini ukilowa mara tano kwa siku huoza na kunuka. Bora mnyororo wa chuma, au ukanda wa mpira, au wa turubai ambao hufuliwa ukakauka. Na anayependa ngozi aulize ni ngozi ya mnyama gani. Nyingi ni za ndama, nyingine za mamba, na ziko pia za nguruwe. Katika madhehebu yetu ya Shafi, ngozi hutahirika kwa kudabighiwa isipokuwa ya mbwa na ya nguruwe. Muuzaji asiyejua ukanda wake umetoka kwa mnyama gani, ukanda wake uachwe.

Ama dhahabu, hukumu yake ni mashuhuri: ni halali kwa wanawake wa umma huu na ni haramu kwa wanaume wake. Basi saa ya dhahabu haimfai mwanamume, iwe ni zawadi au amenunua mwenyewe. Rangi ya dhahabu tu isiyo dhahabu haina hukumu ya dhahabu. Lakini saa nyingi za manjano ni chuma kilichochovywa katika dhahabu yenyewe, na wanavyuoni wetu hutazama kama dhahabu hiyo, ikitiwa motoni, hutoka kitu cha kukusanyika. Mwenye duka hawezi kukujibu suala hilo, na kwa hivyo mwanamume achague chuma cheupe, aepukane na shaka. Bei yake ni ndogo zaidi na mikwaruzo yake haionekani sana.

USO WA SAA

Saa ya kila siku na isomeke kwa kutupia jicho mara moja. Tarakimu ziwe wazi, mishale isifanane, na iwe na dawa ya kung'aa gizani, kwani Alfajiri haingoji umeme. Ukubwa wa milimita 36 mpaka 40 huwafaa wengi, na unene usizuie mkono wa kanzu. Kioo cha yakuti ya kiwandani ni kigumu mno, karibu na almasi, wala mchanga wa njia zetu haukikwaruzi kwa urahisi. Kioo cha kawaida hukwaruzika siku ya kwanza ya kupakua mahindi.

Kila mtu atazame kazi yake. Muuguzi anayehesabu mapigo ya moyo wa mgonjwa, kama wale wa hospitali yetu ya Ilembula, hana budi kuwa na mshale wa sekunde ulio mrefu na wazi. Na kwa kuwa mikono yake huoshwa mara nyingi, saa ya kubandikwa kifuani humfaa zaidi kuliko ya mkononi. Karani wa malori yanayopita Tunduma kwenda Zambia na Lubumbashi, huko ambako saa ziko nyuma yetu kwa saa moja, aweza kufaidika na saa yenye mshale wa pili wa nchi nyingine. Lakini na ajue kwamba hesabu ya kutoa moja haina gharama. Sisi tuliozoea kuona mshale juu ya 7 tukasoma saa moja, hesabu hiyo haitushindi.

MAJINA NA BEI

Nitataja majina machache ya hali ya kati, si kwa kuyatangaza, bali ili kijana ajue anasimama wapi. Kwa bei za ng'ambo za miaka hii, Seiko 5, iliyoanza mwaka 1963, hupatikana kwa kiasi cha dola 300; nayo hujitia ufunguo yenyewe, huonyesha siku na tarehe, na kitufe chake cha kutilia majira kilifichwa upande wa tarakimu 4, ambayo sisi twaisoma saa kumi, ili kisidhuriwe. Tissot ya Le Locle, iliyoasisiwa mwaka 1853, na Hamilton, iliyoanza Pennsylvania mwaka 1892 na kupata jina kwa saa za watu wa reli, na ambayo sasa ni ya Uswisi, saa zao nyingi za kamani huwa kati ya dola 500 na 1,000. Longines ya mwaka 1832, Oris ya mwaka 1904, na Tudor, ambayo ni ndugu wa Rolex, huanzia juu ya hapo, na nyingi hupita dola 2,000.

Milioni mbili za kijana wetu hazifiki dola 1,000. Basi daraja ya tatu haimhusu, na daraja ya pili ingemaliza karibu akiba yake yote. Ya kwanza humwachia zaidi ya nusu ya fedha yake, na humpa saa ya chuma, ya kamani, isiyoogopa udhu.

Kisha ajihadhari na bandia. Chema chajiuza, kibaya chajitembeza. Saa ya Uswisi haiuzwi stendi ya mabasi kwa shilingi laki moja. Wengine hutazama mshale wa sekunde, kwamba wa kamani huteleza na wa betri huruka. Alama hiyo yafaa, lakini haitoshi, kwa sababu waigizaji nao wamejifunza kutia kamani. Kinga iliyo bora ni kununua kwa wakala anayejulikana, kupata risiti na hati ya dhamana, na kuona namba ya saa na namba ya hati ni moja. Na mwenye kununua bandia huku akijua, ili watu wadhani ni ya asili, anaingia katika onyo la Mtume (s.a.w.) kwa anayejionyesha kwa kitu asichopewa. Casio ya kweli ina heshima kuliko Rolex ya uwongo.

SAA HAIKUUMBWA KUWA KADHI WA JUA

Nimeliweka hili mwisho kwa kuwa ndilo kubwa. Zamani katika misikiti mikubwa walikuwako wanavyuoni wa kupima nyakati, wakiitwa muwakkiti. Mmoja wao, Ibn al-Shatir, aliuwekea Msikiti wa Bani Umayya wa Damascus saa ya jua mwaka 1371. Walijua kwamba wakati wa Sala unatoka kwa jua la mahali mtu alipo, si kwa chombo cha mbali.

Sisi wa Ilembula tuna haja ya elimu hiyo mpaka leo. Saa ya Tanzania nzima hufuata mstari wa digrii 45 za mashariki, nao unapita karibu na Mogadishu. Sisi tuko magharibi yake kwa zaidi ya digrii 10, na kila digrii ni dakika 4. Kwa hivyo jua la Ilembula haliwi utosini saa sita kamili, bali yapata saa sita na dakika 40, pungufu au zaidi kidogo kwa kadiri ya miezi.

Tena Dar es Salaam iko mashariki yetu kwa digrii nne na nusu na kitu. Jua la kwao hutangulia kuchwa kabla ya la kwetu kwa dakika 15 mpaka 22, kulingana na miezi. Sasa fikirini mtu aliyefunga Ramadhani hapa, akasikia redioni adhana ya Magharibi ya Dar es Salaam, akatazama saa yake ya thamani, akaona majira yanalingana sawasawa, akanywa maji. Saa yake haikukosea hata sekunde moja, naye amefungua jua likali juu ya milima! Kadhalika anayesali Alfajiri kwa majira ya pwani husali kabla haijaingia.

Basi mwenye kununua zile saa zinazoonyesha nyakati za Sala na Kibla, kama Casio ilivyozitengeneza, asichague jina la Dar es Salaam. Kama Ilembula haimo, Mbeya na Iringa ziko karibu: Mbeya hukawia kwetu kwa dakika 4 au 5, na Iringa hututangulia kwa kadiri hiyo. Mwenye kutaka salama na afungue kwa Mbeya, na ajizuie daku kwa Iringa. Na lililo bora kuliko yote ni watoto wafundishwe kulitazama jua na kivuli chake, kama walivyotazama babu zao.

Jibu langu kwa kijana, basi, ni hili. Kununua saa nzuri si israfu, madamu haki za watu zimetangulizwa, fedha ni yako, na iliyobaki ni zaidi ya iliyotoka. Chagua chuma cheupe, mita 100, uso ulio wazi, ukanda usiooza, na fundi anayejulikana. Itunze, nayo huenda ikavaliwa na mwanao, akirithi pamoja nayo khabari njema ya baba aliyefika kazini kwa wakati na msikitini kabla ya ikama. Lakini saa ikiwa ghali na mwenyewe anachelewa, mkono wake umebeba shahidi dhidi yake.

Mwenyezi Mungu atubarikie katika mali zetu na umri wetu, na atujaalie majibu mema siku tutakapoulizwa yote mawili. Amin.